Karo za kuchorwa kwa mkono Kamalondo: nimezipachika, haya ndiyo maoni yangu

Nianze na bei, maana ndilo swali ambalo kila mteja huniuliza kabla hata hajaishika karo yenyewe, yaani kigae. Karo moja nyeupe ya ukutani, sentimita 20 kwa 20, iliyochorwa kwa mkono na kuchomwa tena kwenye tanuru, ni dola 12. Ukipeleka karo zako mwenyewe ni dola 10. Kwa pesa hiyo sokoni unapata rundo la karo za kiwandani zenye maua ya kuchapwa. Kwa hiyo anayeagiza kwenye karakana hii lazima ajue analipia nini, na mimi, fundi karo niliyezipachika kwa mikono yangu, ninaweza kumweleza.

Karakana iko Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, ndani ya parsela (kiwanja cha nyumba) ya kawaida, na haina kibao mlangoni. Ukifika mtaani uliza kwa mama wa karo, watoto watakupeleka. Mama huyo alisomea sanaa hapa hapa Lubumbashi. Ana kijana wa kupokea wateja na mwingine wa kuangalia tanuru, ambalo ni dogo, la umeme, linalobeba karo chache tu kwa mpigo. Udongo hawafinyangi. Wananunua karo nyeupe za kiwandani na kuchora juu yake. Nimesikia watu wakilalamika kwamba hiyo si kazi ya mkono kamili. Mimi nawapinga. Karo ya kiwandani imenyooka, kona zake ni sawa, unene wake ni mmoja, na fundi anayepachika anamshukuru Mungu kwa hayo. Mkono wa mama uko kwenye brashi, na hapo ndipo unapohitajika.

Kazi iliyonifikisha kwake ilikuwa hivi. Mwalimu mmoja mstaafu ana nyumba ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji, yenye shemine saloni. Nasema shemine ya kuotea moto, si lile bomba la moshi la kiwanda linaloonekana toka mbali. Wageni hushangaa kwamba Lubumbashi kuna meko za namna hiyo ukutani, lakini aliyewahi kulala hapa Juni au Julai anaijua baridi yetu. Binti yake mwalimu anaishi Ohio, na alikuwa amemtumia picha za meko za nyumba za kule za miaka ya 1880, zilizozungushiwa karo za rangi pande tatu. Mwalimu akasema: nataka kama hizi, ila zionyeshe vitu vya kwetu.

Picha zile zilinifanya nisome sana, kwa sababu sipendi kuiga kitu nisichojua kilikuwaje. Kabla ya miaka ya 1870, Mmarekani aliyetaka karo nzuri aliagiza Uingereza. Hata sakafu maarufu za jengo la Bunge lao, Washington, zilizoanza kuwekwa mwaka 1856, ni karo za Minton kutoka Stoke-upon-Trent. Kisha yakaja maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876, walipoadhimisha miaka 100 ya uhuru. Viwanda vya Uingereza vikapanga karo zao pale, Wajapani wakaleta vyombo vyao, na Wamarekani waliopita kutazama wakarudi nyumbani na hamu. Kule Zanesville, Ohio, kampuni ya American Encaustic Tiling ilikuwa imeanzishwa mwaka mmoja kabla, 1875, na baadaye ikawa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya karo duniani. Karo ikaingia saloni na ikazunguka meko, mahali ambapo masizi na majivu hufutika kwa kitambaa chenye maji, na ambapo familia nzima hukaa ikitazama upande mmoja jioni yote. Pasipo televisheni, picha za kwenye karo zilitazamwa kweli kweli.

Sasa nirudi Kamalondo.

Kitu cha kwanza nilichotaka kujua hakikuwa picha, kilikuwa moto. Kuna njia mbili kubwa za kuchora karo. Katika ya kwanza unachora juu ya udongo uliochomwa mara moja, unafunika mchoro kwa emaye, yaani ile ngozi ya kioo inayong'aa, halafu unachoma kwa joto ambalo mara nyingi hupita nyuzi 1000. Mchoro unabaki chini ya kioo. Kucha haiufikii, sabuni haiufikii. Katika ya pili unachukua karo ambayo tayari inang'aa, unachora juu yake kwa rangi za madini zilizochanganywa na unga wa kioo kinachoyeyuka upesi, kisha unachoma kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi 750 hadi 800. Rangi inayeyuka na kushikana na emaye iliyo chini yake, lakini inabaki juu, wazi kwa kila kitakachopita pale. Karakana hii inatumia njia ya pili.

Si njia ya kudharauliwa. Mwaka 1877 kikundi cha wachoraji wa New York kilianza kukutana Jumatano jioni kuchora karo kwa namna hiyo hiyo. Walijiita Tile Club. Mwanzoni waliweka kikomo cha watu 12, na karo zao zilikuwa za inchi 8 kila upande, ambayo ni karibu kabisa na hizi zetu za sentimita 20. Walipokezana kuwa wenyeji, na mwenyeji wa jioni ile ndiye aliyebaki na karo zote zilizochorwa. Humo alikuwamo Winslow Homer, mmoja wa wachoraji wakubwa wa nchi ile, pamoja na Edwin Austin Abbey na J. Alden Weir, baadaye wakaingia William Merritt Chase, mchongaji Augustus Saint-Gaudens na msanifu majengo Stanford White. Kikundi kilidumu miaka kama 10 kisha kikavunjika. Nami nikizitazama picha za kazi zao naona kitu ambacho fundi yeyote wa karo angekiona: nyingi ni picha moja moja. Bahari hapa, sura ya mtu pale, mashua kule. Ni picha nzuri zilizotokea kuwa juu ya karo. Hazikuwazia ukuta.

Homer ni tofauti, na ndiyo maana nilimwonyesha mama kazi yake. Mwaka 1878 alichora karo za kuzungushia meko, mchungaji upande mmoja na mchungaji wa kike upande wa pili, kila mmoja amegawanyika kwenye karo zilizopandana kwenda juu. Hapo tatizo la ukuta linaanza: mapengo. Kati ya karo na karo lazima nijaze sima, yaani saruji, milimita 3 hivi, na mstari huo unakata chochote kilicho njiani, uwe mkono wa mtu au shingo. Mchoraji anayechora mezani, karo zikiwa zimebanana, hauoni mstari huo. Unaonekana siku ninapomaliza kazi.

Na hapa ndipo mama wa Kamalondo aliponishinda kwa akili. Mteja alitaka mahindi yapande pande zote mbili za meko, na kanga watembee juu, kwenye safu ya mlalo. Karo 16 kwa jumla: tano kila upande na sita juu. Mama alichora bua la mhindi kwenda juu karo tano, na kila pengo akaliangukiza kwenye kifundo cha bua, pale pingili moja inapoisha na nyingine kuanza. Bua lenyewe limekatika pale kwa asili yake, kwa hiyo sima yangu imepita na jicho halikuumia hata kidogo. Kanga wa juu kila mmoja amekaa ndani ya karo yake, hakuna aliyekatwa kichwa. Kinachovuka mipaka ni majani ya chini tu. Nimepachika karo za picha za kiwandani kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo za bei ya kutisha, na sijaona mtu aliyelifikiria pengo namna hii. Kwa hilo peke yake ningelipa dola 12.

Mkono wake pia una ukoo. Nyuma ya kanga hakuacha mahali patupu. Amejaza majani, vijiti, vidoa, hadi kwenye ukingo. Anayejua michoro ya mji huu atamkumbuka Pilipili Mulongoy, aliyechora ndege, samaki na nyoka katikati ya majani yasiyoacha nafasi, katika ile karakana ya Hangar ambayo Pierre Romain-Desfossés aliifungua hapa mwaka 1946. Katika picha za Ohio ni kinyume chake. Wamarekani wa wakati ule walikuwa wamevutwa na Japani, na wengi walipenda tawi moja likae pembeni na weupe ubaki mwingi. Mteja wangu aliogopa kidogo kwamba saloni itajaa. Haikujaa. Meko ni jeusi ndani, ukuta wa nje ni mweupe, na ile bendi ya rangi katikati imekaa mahali pake.

Buluu yake ni ya kobalti, na kijani chake, aliniambia, ni cha shaba. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa madini hayo yako wapi. Kobalti kidogo sana kwenye emaye, chini ya sehemu 1 kati ya 100, inatosha kutoa buluu nzito. Lakini rangi zake zote mama anazinunua zikiwa tayari, kwenye vichupa vidogo kutoka nje, na bei ya vichupa hivyo iko ndani ya zile dola 12. Hili linaniuma kusema kweli. Kule Cincinnati, wanawake waliojifunza kuchora vyombo katika miaka ya 1870 ndio walioamsha kazi nzima ya ufinyanzi wa sanaa Marekani. Maria Longworth Nichols akaanzisha karakana ya Rookwood mwaka 1880, na miaka michache baadaye Rookwood ikamwajiri mkemia, Karl Langenbeck, akae na wachoraji na kuwapimia udongo na emaye. Mwaka 1894 mkemia huyo na Herman Mueller wakafungua kampuni yao ya karo kule Zanesville. Sisi tuna chuo kikuu chenye watu wa kemia, tuna madini, tuna mama huyu. Natamani wakutanishwe.

Sasa majaribio. Kabla ya kukubali kazi niliomba karo moja ya kuiharibu. Nilikwaruza rangi kwa sarafu, nikaweka kipande cha ndimu juu yake usiku kucha, halafu nikaiegesha karibu na mbabula (jiko la makaa) wenye makaa mekundu. Sarafu haikutoa kitu. Joto halikufanya kitu, na sikutarajia lifanye, kwani ukingo wa meko haukaribii hata kidogo joto la tanuru. Ndimu iliacha alama hafifu kwenye nyekundu: mng'aro umepungua, rangi yenyewe ipo. Ndiyo tabia ya rangi iliyo juu ya emaye. Asidi inaila polepole, na jikoni kwetu asidi ni ya kila siku, ndimu, nyanya, siki.

Kwa hiyo nilikasirika kumsikia yule kijana wa mapokezi akimwambia mteja mwingine, mbele yangu, kwamba karo hizi zinakwenda popote. "Hata chini, baba, weka tu." Hapana. Mchanga unaoingia na viatu vyetu utaifuta picha ile. Wamarekani walilijua hilo vizuri; kwa sakafu zilizokanyagwa sana, kama zile za Washington, walitumia karo ambazo ua lake ni udongo wa rangi uliopachikwa ndani ya udongo mwingine, ili kiatu kikila juu, ua lionekane bado. Na hata hizo, baada ya zaidi ya miaka 100 ya miguu ya watu, zililazimika kubadilishwa sehemu nyingi. Kwa bahati mama alitoka ndani akamsahihisha kijana wake palepale: "Iko ya ukuta, haiko ya chini. Usidanganye watu." Nilimheshimu kwa hilo, maana alikuwa anapoteza oda. Lakini mteja anayefika mama akiwa hayupo atasikia maneno ya kijana, na kijana anapaswa kufundishwa.

Kasoro ya pili ni umeme. Ukikatika katikati ya uchomaji, rangi haiyeyuki sawasawa, inabaki imefifia na ukiipapasa unahisi ukavu kama wa chaki. Karo mbili za kwangu zilitoka hivyo, na kijani cha karo nyingine kilikuwa kimekwenda kwenye kahawia. Mama alizirudia zote bila kunidai, ila kazi ilichelewa, na mteja alinipigia simu mimi, si yeye. Ukiagiza, usimpangie fundi wako siku ya kupachika mpaka karo ziko nyumbani. Ukizipokea, zigeuze kwenye mwanga wa dirisha: mahali palipochorwa pang'ae sawa na mahali pasipochorwa. Pasipong'aa, rudisha.

Tatu, namba. Karo 16 za picha moja zinahitaji namba nyuma, na yeye alikuwa ameziandika kwa kalamu ambayo ilifutika nilipozilowesha. Mahindi yana upande, jani moja likielekea pabaya bua zima linakosea. Mwambieni aandike kwa rangi yake ya tanuru, achome pamoja. Haimgharimu kitu.

Kwa mafundi wenzangu: nilitumia kola ya karo, yaani gundi, inayostahimili joto, na sima nyeupe ya unga laini usio na mchanga kwenye mapengo, kwa kuwa mchanga ungekwaruza rangi wakati wa kufuta. Futeni upesi, kwa sifongo laini, msingoje ikauke. Zile dawa za asidi za kusafishia sima iliyoganda juu ya karo msizisogeze hapo kabisa. Kabla ya kupaka kola, panga karo zote sakafuni juu ya kitambaa, mwite mwenye nyumba, asimame mbali, atazame, aseme ndiyo. Picha ya kuchorwa ina macho ya mtu ndani yake, na kubandua karo iliyokwisha kushika ni kuivunja.

Je, ningempeleka mteja tena? Ndiyo, bila kusita, kwa meko, kwa ukuta wa saloni, kwa fremu ya kioo cha mlangoni, kwa namba ya nyumba kwenye nguzo ya geti iliyo chini ya paa. Kwa sahani za chakula sijamuuliza anatumia rangi gani, na kwa kuwa rangi nyingi za namna hii zimekuwa na madini ya risasi, yenye sumu, toka zamani, msimwagizie sahani mpaka awaonyeshe kichupa kilichoandikwa kwamba hakina. Agizeni na akiba, karo mbili zaidi ya hesabu, kwani kijani cha oda ya mwakani hakitalingana na cha leo. Na kama ni za meko, mwagizieni Februari au Machi, si Juni baridi ikiwa imeshafika.

Kwa ukuta wa nyuma ya sinki na jiko, subirini kwanza. Nilimsimulia mama habari za Mary Louise McLaughlin wa Cincinnati, aliyeona vyombo vya Kifaransa kwenye maonyesho ya 1876, akarudi kwao akajaribu mpaka mwanzoni mwa 1878 akapata namna yake ya kuchora chini ya emaye. Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni wapi angeweza kupata karo zilizochomwa mara moja tu, zisizopakwa kitu. Nimeanza kumtafutia kwa wafinyanzi ninaowajua. Akifaulu, za kwanza nitazipachika jikoni kwangu, nyuma ya sufuria ya mke wangu, na baada ya mwaka mmoja wa ndimu na nyanya nitakuja kuwaambia zimekuwaje.